Katavi Si Nchi ya Wengine

Ndugu zetu Waislamu wa pwani wana ada moja ambayo leo twataka kuisema waziwazi, na atakayekasirika na akasirike. Khabari ikija kutoka bara ya mbali, nayo ikawa ni ya aibu, huipokea kwa kutikisa kichwa na kusema, "Ndivyo walivyo watu wa huko." Kisha chai humiminwa tena, na mazungumzo hurejea pale pale yalipokuwa: mwimbaji fulani kaoa nani, kamwacha nani, kanunua gari gani, na mama yake kasema nini juu ya mkwewe. Kwa khabari hizi za pili hapana atikisaye kichwa. Watu husogeza viti.

Tarehe 14 Februari 2018, bibi mmoja wa Uganda, Zari Hassan, alitangaza katika intaneti kwa picha ya waridi jeusi kwamba ameachana na mwimbaji Naseeb Abdul, huyo anayejulikana kwa jina la Diamond Platnumz. Hatutaki kuyachimba ya nyumba yao. Wao wana Mola wao, na Sura ya Al-Hujurat imekwisha tukataza kupeleleza na kusengenya kwa maneno ambayo hata mtoto wa chuoni huyajua. Twalitaja jambo hili kwa kuwa sote twakumbuka siku zile. Khabari ile iliingia katika nyumba za Tanga, Mombasa, Unguja na Lamu upesi kuliko khabari ya msiba. Waliokuwa hawajui jina la diwani wao walikuwa wakijua majina ya watoto wa mwimbaji.

Na siku hizo hizo ilikuwa imepita karibu miezi minane tangu Rais John Magufuli aliposimama Chalinze, tarehe 22 Juni 2017, akatangaza mbele ya watu kwamba maadamu yeye ni Rais, msichana aliyepata mimba hatarudi shule. Chalinze iko katika Mkoa wa Pwani, si mwisho wa dunia. Twauliza: ni barza ngapi zilizolikalia neno lile kwa muda ule zilioukalia waridi mweusi? Ni khutba ngapi za Ijumaa zilizolipima kwa mizani ya sharia, likikubaliwa likubaliwe kwa hoja, na likikataliwa likataliwe kwa hoja? Tulinyamaza, na tulinyamaza kwa sababu tulidhani linawahusu watu wa Katavi.

Basi na tuitazame hiyo Katavi.

Utafiti wa taifa wa demografia na afya uliofanywa Tanzania mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kuwa katika kila wasichana 100 wa Mkoa wa Katavi walio na umri wa miaka 15 hadi 19, wasichana 45 walikuwa wamekwisha zaa au wana mimba. Kwa nchi nzima hesabu ilikuwa 27 katika 100. Hapakuwa na mkoa mwingine uliofika pale. Msomaji na asimame kidogo juu ya hesabu hii. Darasani mwenye wasichana ishirini wa umri huo, tisa. Kwenye nyumba kumi zilizo na binti wa rika hilo, nne au tano.

Asiyejua Katavi iko wapi, na apande gari moshi Dar es Salaam aende Tabora, kisha Kaliua, na hapo ashike tawi la reli lielekealo kusini magharibi. Tawi lile lilijengwa na Waingereza baada ya Vita Vikuu vya Pili, si kwa kuwapenda watu wa Mpanda, bali kwa kuipenda risasi iliyokuwa ardhini mwao, yaani madini ya risasi. Mpanda ndio mwisho wa reli. Toka huko ukienda magharibi utafika Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika; ukienda kusini utaingia katika hifadhi ya wanyama iliyotangazwa mwaka 1974, ambayo watalii wa Ulaya waijua kwa viboko wake kuliko sisi tunavyowajua binadamu wa kando yake. Mkoa wenyewe ni mchanga. Ulikatwa kutoka Rukwa mwaka 2012.

Lakini babu zetu walikujua huko kabla ya reli. Misafara iliyotoka Bagamoyo na Pangani katika karne ya 19 ilipita Tabora ikaenda ziwani, na waliokuwa wakiiongoza walikuwa na kanzu kama zetu na majina kama yetu. Walipeleka nguo na shanga, wakarudi na pembe na, tusifiche, wakarudi na watu shingoni mwao mna minyororo. Pamoja na hayo yote walikwenda na Kiswahili, na walikwenda na Shahada, vikabaki. Leo mtu wa Mpanda akiswali alfajiri, huswali kwa dini iliyomfikia kwa njia ile. Ni ajabu kubwa kwamba wakati wa pembe tuliijua njia ya Katavi, na wakati huu wa watoto wa kike kuharibikiwa tumeisahau, tukasema "watu wa huko".

Wako pia wasemao kuwa hesabu ile ni ya wakimbizi. Kweli, katika ardhi ya Mpanda kulifunguliwa makazi ya Katumba mwaka 1973 na ya Mishamo mwaka 1978, kwa Warundi waliokimbia mauaji ya 1972. Lakini wajukuu wao wamezaliwa hapo, wamesoma kwa Kiswahili hapo, na mwaka 2014 serikali ikawapa uraia watu zaidi ya 160,000 katika wao na wenzao wa Ulyankulu. Hao ni Watanzania. Na hata wangekuwa si Watanzania, twajua Muhajirina walikuwa ni kina nani na Ansari waliwafanyia nini. Hoja hii twaiacha, haistahili wino zaidi.

Na wanasiasa je? Katavi haikukosa mtu wa kuisemea. Mheshimiwa Mizengo Pinda, mwana wa huko huko, alikuwa Waziri Mkuu wa Tanzania tangu Februari 2008 mpaka mwaka 2015, na watu wakamwita Mtoto wa Mkulima. Si mtu wa kubezwa. Januari 2009 alitokwa na machozi Bungeni katika maneno ya kuuawa kwa ndugu zetu wenye ualbino, na sisi twaamini machozi yale yalikuwa ya kweli. Lakini ile hesabu ya 45 katika 100 ilichukuliwa katika mwaka ule ule alioondoka madarakani. Hatusemi kuwa ni kosa la mtu mmoja. Twasema kwamba kuwa na mtu wenu mezani hakumhifadhi binti yenu njiani, na wale wa pwani wanaodhani kuwa siku mtu wa kwao akipata cheo kikubwa ndipo mambo ya watoto wao yatakapotengenea, na waitazame Mpanda wajifunze.

Sasa msiba wenyewe huingiaje? Tangu mwaka 2006 serikali ilijenga shule za sekondari katika kata, na hilo lilikuwa ni jambo jema ambalo halina budi kusifiwa. Tangu Januari 2016 ada nayo ikaondolewa mpaka kidato cha nne. Watoto waliokuwa wakibaki nyumbani wakaingia darasani. Lakini kata ya Katavi si kama mtaa wa Mombasa. Vijiji viko mbalimbali, na kati yake kuna pori. Msichana wa miaka kumi na minne hutembea mwendo wa saa nzima au zaidi asubuhi, na mwendo huo huo jioni. Au baba yake humpangishia chumba karibu na shule, peke yake au na mwenziwe, kwa kuwa shule haina bweni. Chumba hicho kina mlango wa bati, na ndani mna jiko la mkaa na debe la unga. Unga ukiisha siku ya Jumatano na baba haji mpaka mwisho wa mwezi, mwenye pikipiki yuko nje ya mlango. Humpa lifti siku ya kwanza, siku ya pili chipsi, siku ya tatu simu. Hapana uchawi hapa wala mashetani. Ni unga ulioisha.

Kisha kuna mila. Gulioni hutajwa mchezo uitwao chagulaga, vijana wa kiume humzunguka msichana wakimtaka achague mmoja katika wao, na asipochagua husukumwa. Kuna ng'ombe wa mahari, ambao hummezesha mzee mate anapomwona bintiye amerefuka. Na kuna lile jambo ovu kuliko yote, kumalizana. Sheria ya Elimu ilibadilishwa mwaka 2016, ikaweka kifungo cha miaka 30 kwa amtiaye mimba mwanafunzi. Sheria kali. Lakini mwenye kosa huja usiku na mjomba wake na pesa mfukoni au na ndama wawili, baba hupokea, binti hufundishwa jina la mtu asiyekuwapo ili alitaje polisi, na kesi hufa. Hakimu atamfunga nani, ikiwa shahidi wa kwanza amekula ndama?

Huyo baba, wallahi, hatuna haja ya kumtafuta Katavi peke yake.

Kwa hakika mwaka 2014 utafiti kama ule ule ulifanywa Kenya, na Wilaya ya Tana River, ambayo siku hizi ni kaunti, nchi ya Waislamu, nchi ya ufuoni, ilikuwa na wasichana 28 katika kila 100 waliokwisha zaa au wenye mimba, na hali kwa Kenya nzima walikuwa 18. Tana River si bara ya mbali. Ukitoka Malindi na gari asubuhi, adhuhuri umo ndani yake. Basi na tuache kuyatikisa vichwa vyetu kana kwamba vimo juu ya mabega ya malaika.

Twarudi kwenye sababu, maana hapa ndipo watu wetu hujificha. Yuko asemaye: lawama yote ni ya simu. Simu ndiyo iliyoleta nyimbo za kukatika viuno, na simu ndiyo iliyoleta picha za uchi. Hatukatai kuwa kuna uchafu. Serikali ya Tanzania yenyewe ilifikia kuweka kanuni za maudhui ya mitandao mwaka 2018, na Aprili ya mwaka huo Waziri Harrison Mwakyembe akalieleza Bunge kuwa mwimbaji huyo tuliyemtaja amehojiwa na polisi kwa picha zisizo na staha. Wengi wa pwani walifurahi. Nasi twauliza, je, binti wa Katavi aliyepata mimba katika utafiti wa 2015, alikuwa na simu ya kutazamia picha hizo? Wengi wao vijijini kwao hata umeme haukuwako. Simu yaharibu, naam, lakini yeye aliharibiwa na njia ndefu, chumba cha peke yake na mtu mzima asiyemcha Mungu, mambo ambayo yalikuwako kabla ya simu. Na hiyo simu ya nyumbani kwako, bwana, ambayo waituhumu, nani aliyeinunua? Mtoto huiona mkononi mwako toka isha mpaka unaposinzia. Ukitaka kuigeuza tabia ya simu, anza na kidole chako.

Yuko na wa pili, naye hatari yake ni kubwa zaidi, kwa kuwa huzungumza kwa lugha ya dini. Yeye husema: dawa ya haya yote ni kumwoza binti mapema. Shule ndiyo inayomharibu. Mtoe, mwoze, apate stara. Na sheria hizi za kuzuia ndoa za watoto ni njama za Wazungu za kuuvunja Uislamu.

Huyu twataka tumjibu taratibu, maana maneno yake yanapendeza masikioni.

Kwanza, historia. Sheria ya Ndoa ya Tanzania Bara ya mwaka 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, na akiwa na 14 kwa ruhusa ya mahakama, na mvulana akaambiwa angoje 18. Mtanzania mmoja, Rebeca Gyumi, akaipeleka serikali mahakamani, na tarehe 8 Julai 2016 Mahakama Kuu ikaamua kuwa vifungu vile vyapingana na Katiba, ikaipa serikali mwaka mmoja kuvitengeneza. Serikali ikakata rufani. Na katika hoja zake ikasema kuwa umri ule uliwekwa kwa kuzichunga mila na dini za watu, na ya Kiislamu ikiwemo. Mahakama ya Rufani ikaikatalia tarehe 23 Oktoba 2019. Na bado miaka minne baadaye sheria ilikuwa haijabadilishwa. Tazama basi jambo la ajabu: serikali ambayo mambo mengi ya Waislamu haiyasikii, siku hiyo ililikumbuka jina la Uislamu, na ililikumbuka ili kutetea ndoa ya mtoto wa darasa la saba. Nasi tukaona fakhari! Badala ya kuuliza ni nani aliyewapa wakala wa kutusemea, tukapiga kifua kuwa dini yetu imetajwa mahakamani.

Pili, sharia. Sisi wa pwani ni wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafii. Na twajua kuwa katika fiqhi yetu baba ana uwezo wa kumwoza bintiye bikira. Hilo hulisema kila mtu. Lisilosemwa ni yale aliyoyanakili Imam Nawawi katika kuishereheshea Sahihi ya Muslim, kwamba Shafii na wenziwe walipendelea baba asimwoze binti mpaka abaleghe na atakwe idhini yake, asije akatiwa katika kifungo cha mume hali yeye hataki. Mbona kauli hii haifiki mimbarini? Na katika mafakihi wa zama za mwanzo yuko Ibn Shubruma, kadhi wa Kufa, aliyekwenda mbele zaidi, akaona kuwa mtoto hafai kuozwa kabisa kabla ya kubaleghe na kuridhia. Mtume (S.A.W.) mwenyewe alijiwa na msichana aliyeozwa na babake bila ya ridhaa, naye akampa khiari, khabari hiyo imo katika Sunan ya Abu Daud. Na Khansaa binti Khidam alilalamika kwake, akaivunja ndoa. Imo katika Bukhari.

Tatu, na hili twaomba msomaji alizingatie sana. Katika Sura ya Nisaa Mwenyezi Mungu ameamuru mayatima wasikabidhiwe mali yao mpaka wajaribiwe, ionekane kuwa wana busara ya kuitunza. Yaani mbuzi wake mtoto hapewi mpaka awe na rushdi. Basi vipi akabidhiwe tumbo la uzazi, na mume, na nyumba, na uhai wa mtoto mwingine, kwa kigezo cha kurefuka kimo tu? Mali ina uzito gani mbele ya roho? Na wakunga wetu, Mungu awarehemu waliotangulia, hawakuhitaji kufundishwa na Mzungu ni nini kinachompata msichana ambaye nyonga zake hazijakomaa anapozaa siku tatu mfululizo: ama hufa, ama huishi na fistula, akivuja mkojo mpaka mume amkimbie.

Nne, mahari. Sura hiyo hiyo imeamuru wanawake wapewe mahari yao wao wenyewe, kwa moyo safi. Je, wale ng'ombe wa Mpanda, au ile bahasha ya Mombasa inayoitwa kwa majina mazuri mazuri, huingia mkononi mwa nani? Huingia mkononi mwa baba, na ndugu za baba. Anayekula mahari ya bintiye kisha akasema amemwoza kwa ajili ya Sunna, huyo ameiuza Sunna pamoja na binti.

Na kuhusu njama za Wazungu, tutawataja Waislamu tu. Dola ya Uthmani, makao ya Khalifa, iliweka sheria ya ndoa mwaka 1917 ikaweka umri wa miaka 18 kwa mwanamume na 17 kwa mwanamke, na walio chini yake wakahitaji ruhusa ya kadhi. Misri ilifuata mwaka 1923 kwa kuzuia kuandikishwa ndoa ya msichana aliye chini ya miaka 16. Oman, ambako nusu ya watu wa Unguja wana shangazi, iliweka miaka 18 katika sheria yake ya mambo ya familia ya mwaka 1997. Morocco 18, mwaka 2004. Mulla gani wa Mpanda, au wa Pemba, au wa Kisauni, aliyewazidi elimu maulamaa wa nchi hizi zote? Jambo lililo halali si lazima lifanywe, na mtawala hana kosa kulizuia likiwa limegeuka mlango wa madhara. Hii ni kanuni ya fiqhi, haikutoka London.

Tena huko kuozwa mapema mnakokuita dawa, Katavi wamekunywa dawa hiyo kwa miaka mingi. Katika wale 45 wamo walioolewa. Je, wamepona?

Wa tatu husema neno jingine: kumrudisha shule aliyezaa ni kuhimiza zinaa, watoto wenzake watamwiga. Neno hili ndilo lililosemwa Chalinze, na lilipigiwa makofi na Waislamu na Wakristo pamoja. Sisi twasema, zinaa ni haramu, na hatutaki ihimizwe. Lakini sharia imeweka adhabu zake na masharti ya adhabu hizo, na hatukuona popote kuwa adhabu ya zinaa ni kunyimwa kusoma. Tumefundishwa kuwa kalamu imeinuliwa kwa mtoto mpaka abaleghe, na kuwa aliyelazimishwa hana dhambi; nani aliyekaa na kila msichana akamuuliza kama alilazimishwa? Na yule mwanamume? Kama ni mwanafunzi mwenziwe, alibaki darasani akamaliza kidato cha nne. Kama ni mwenye pikipiki, bado yuko pale njia panda akingoja mwengine. Mlango wa toba ulifungwa kwa mmoja tu, na kufuli lilishikwa na wanaume.

Pwani nayo ina historia yake katika jambo hili. Zanzibar ilikuwa na sheria ya mwaka 1985 iliyompeleka jela mwanamke asiye na mume aliyepata mimba, na sheria hiyo ilikaa miaka ishirini mpaka ikaondolewa mwaka 2005. Mwaka 2010 Zanzibar ikawaruhusu wasichana waliozaa kurudi shule, na mbingu hazikuanguka juu ya Unguja. Bara walingoja mpaka tarehe 24 Novemba 2021, Waziri Joyce Ndalichako alipotangaza ruhusa hiyo, naye Rais Samia Suluhu Hassan, mama wa Kiislamu wa Kizimkazi, akiwa na miezi minane madarakani. Hatumsifu kwa siasa zake nyingine. Wa kusifu wako wengi na wanalipwa. Kwa hili alifanya sawa.

Na elimu ya mwanamke si mgeni katika nyumba zetu. Bi Aisha (R.A.) alifundisha wanaume wakubwa. Mwana Kupona wa Siyu alimwandikia bintiye utenzi mwaka 1858, kabla ya mmishenari yeyote kufungua shule ya wasichana huko, na binti hakuandikiwa ila ajuaye kusoma. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianzisha gazeti la Al-Islah Mombasa mwaka 1932, na humo aliwapigia kelele Waislamu wasomeshe watoto wao, wa kike pamoja na wa kiume. Walimtukana. Wajukuu wa waliomtukana leo wana mabinti madaktari.

Khabari za karibuni kutoka Katavi si mbaya kama zilivyokuwa. Utafiti wa mwaka 2022 uliikuta hesabu imeshuka mpaka 34 katika 100, na ya taifa 22. Songwe ndiyo iliyoshika nafasi ya mbele, kwa 45 ile ile. Msichana mmoja katika watatu bado ni wengi mno, lakini kushuka huko kwaonyesha kuwa jambo hili si mandhari ya nchi kama mlima, huongezeka na kupungua kwa kadiri ya watu wafanyavyo. Na ambacho kila mwalimu wa huko hukitaja kwanza, ukimuuliza kinachopunguza, ni bweni. Si semina, wala mabango.

Hapa ndipo tunapotaka kuugusa mfuko wa msomaji. Pwani yetu ni nchi ya wakfu. Nyumba ngapi, mashamba mangapi ya minazi, yaliwekwa wakfu na bibi zetu kwa ajili ya kisima, au mafuta ya taa ya msikiti, au sanda za maskini! Leo twaweka wakfu zulia juu ya zulia. Kuna misikiti mjini ambayo imebadilishwa vigae mara tatu, na viyoyozi vinapuliza safu mbili za wazee. Maulidi ya mtaa mmoja huliwa ng'ombe ambao bei yao ingenunua vitanda vya chuma vya darasa zima. Twapeleka bara misahafu kwa maboksi, na hilo ni jema, lakini yule msichana wa chumba cha bati atausoma wapi, na kwa taa gani?

Wenye kamati za misikiti, wenye vyama vya akina mama, wenye watoto Maskati na London wapelekao fedha za Ramadhani, na wakae wahesabu. Dahalia ya wasichana arubaini haihitaji msanifu wa majengo kutoka Dubai. Yahitaji tofali ambazo huchomwa huko huko Mpanda, mabati na saruji viletwavyo kwa reli, tangi la maji, ukuta, mlango wenye kitasa cha ndani, na mama mtu mzima wa kulala nao anayelipwa mshahara wake kila mwezi bila ya kukopwa. Kibali hutolewa na halmashauri, na shule yenyewe ni ya serikali, hivyo watakaolala humo watakuwa Waislamu na Wakristo na watoto wa Katumba na wa Mishamo. Katika kamati moja tuliyowaeleza jambo hili, swali la kwanza lililoulizwa lilikuwa kama jina la mfadhili litaandikwa mlangoni kwa marumaru. Litaandikwa, kama hilo ndilo linalowazuia.